Alec Guinness, Mchezaji Sinema wa Nyuso Nyingi

Sisi wa vijijini hatuna haja ya kuuona uso wa mtu ili tumtambue. Jioni giza likianza kuingia, twaona kivuli kinakuja njiani, na mara twasema, "Yule ni mwalimu," au, "Yule ni mama fulani, anatoka kisimani." Tumemjua kwa mwendo. Na mwendo huo watuambia mengine pia: huyu amechoka, huyu anajivuna, huyu ana habari mbaya moyoni, huyu ametoka kunywa.

Leo nataka kuwaelezeni habari za mtu mmoja aliyelijua jambo hili sana, akalifanya kuwa kazi ya maisha yake. Jina lake Alec Guinness, Mwingereza, mchezaji wa michezo ya jukwaani na ya sinema. Alizaliwa London tarehe 2 Aprili 1914, akafa tarehe 5 Agosti 2000. Zamani picha zake zilionekana mjini tu, penye majumba ya sinema. Siku hizi kijana mwenye simu aweza kuziona kadhaa akiwa amekaa chini ya mwembe, na ndiyo maana nimeona si vibaya kuandika habari zake katika gazeti la jamaa. Kama watoto wetu watatazama picha, na hakika watatazama, heri watazame na kazi ya fundi.

Ukimtazama mara ya kwanza pengine utashangaa watu walimpendea nini. Hakuwa na sura ya kuwaviringisha wasichana kichwa. Uso wake ulikuwa wa kawaida kabisa, upara ulimwanza mapema, sauti yake ilikuwa ya upole. Aliweza kupita katika njia za London bila ya mtu kumgeukia. Lakini uso wa namna hiyo ni kama ubao wa darasani uliofutwa vizuri: lolote litakaloandikwa juu yake litasomeka.

Maisha yake ya utoto hayakuwa mepesi. Cheti chake cha kuzaliwa hakina jina la baba. Mimi niandikaye daftari la ubatizo parokiani najua uzito wa ile nafasi inayoachwa wazi. Mama husimama mbele ya meza akitazama chini, na karani naye hutazama kalamu yake. Mama yake Alec, Agnes Cuff, alihamahama naye, leo nyumba hii, kesho ile. Nadhani mtoto wa namna hiyo hujifunza mapema kuwatazama wakubwa kwa makini, apate kujua leo hali ya nyumbani ni shwari au ni dhoruba. Alipomaliza shule aliajiriwa ofisini kuandika matangazo ya biashara. Kisha akaacha mshahara huo mdogo akaenda kujifunza kuigiza, na mwaka 1934 mchezaji mashuhuri John Gielgud akampa nafasi ndogo katika mchezo wa Hamlet. Huo ni mchezo wa Shakespeare, yule yule ambaye Mwalimu Nyerere alitufasiria michezo yake miwili kwa Kiswahili. Vita vya pili vilipokuja, Guinness aliingia jeshi la majini, na mwaka 1943 aliongoza chombo cha kupeleka askari pwani katika mashambulio ya Sisilia.

Sinema zake za kwanza kubwa zilikuja baada ya vita. Nitataja kwanza ile ya mwaka 1949, Kind Hearts and Coronets, maana hiyo ndiyo iliyowafanya watu wajue kwamba mtu huyu si wa kawaida. Kisa chake ni cha kuchekesha, ingawa kina mauaji mengi ndani yake. Kijana mmoja ambaye mama yake alifukuzwa na ukoo wake wa kitajiri kwa sababu ya ndoa yake, anaamua kuwaondoa jamaa wale mmoja mmoja mpaka arithi cheo chao. Jamaa hao ni wanane, na wote wanane ni Alec Guinness. Mwanzoni aliombwa achukue nafasi nne tu. Yeye akauliza kwa nini zisiwe nane.

Basi utamwona ni tajiri mwenye benki, ni jemadari, ni mzee mchungaji mwenye maneno mengi na kiu ya mvinyo, ni kijana apendaye kupiga picha, hata ni bibi mmoja mkali, Lady Agatha. Nguo na ndevu za bandia zilisaidia, hapana shaka. Lakini ndevu za bandia hata sisi tumezivaa katika michezo ya Noeli, na kila mtu katika viti alijua chini yake yuko nani! Guinness hakutegemea ndevu. Kila mmoja wa wanane wale ana namna yake ya kushika shingo, ya kuketi, ya kunyamaza. Yuko amiri wa manowari ambaye kwa ukaidi wake anasababisha meli yake igongwe. Meli inazama, naye amesimama wima akipiga saluti, maji yanapanda mpaka yanamfunika. Hasemi neno. Utacheka, halafu utajiuliza kwa nini umecheka.

Mahali pamoja katika picha hiyo wanaonekana sita kati yao kwa pamoja, wamekaa kanisani. Mnajua walivyofanya? Kamera ilifungwa mahali pamoja isitikisike. Guinness akapigwa picha akiwa mtu wa kwanza, na sehemu iliyobaki imezibwa. Utepe ukarudishwa nyuma, akabadilishwa nguo na uso, akapigwa tena mahali pa pili, na hivyo mpaka wa sita. Mpiga picha, Douglas Slocombe, alilala pale pale penye kamera usiku, mtu asije akaigusa. Nawaambia vijana wanaodhani sinema ni mchezo wa wavivu: someni habari hiyo mara mbili.

Si kila alichofanya nitakisifu. Mwaka 1948 alicheza Fagin katika Oliver Twist, kitabu cha Charles Dickens. Fagin ni mzee Myahudi anayefundisha watoto wizi. Mwongozaji, David Lean, alikuwa na mashaka kama Guinness angefaa. Naye akaja kujaribiwa akiwa amekwisha kujipaka na kujivika, na Lean akashangaa, akamkubali pale pale. Kwa ustadi, ni kazi ya ajabu. Lakini alibandikwa pua kubwa mno, kama vile wachoraji wa dhihaka walivyozoea kuwachora Wayahudi, na hiyo ilikuwa miaka mitatu tu baada ya vita ambamo Wayahudi milioni 6 waliuawa. Picha ilipoonyeshwa Berlin mwaka 1949 watu waliandamana kuipinga, na Marekani haikuonyeshwa mpaka mwaka 1951, tena baada ya kukatwa sehemu. Naona waliopinga walikuwa na haki. Kipaji kikubwa kikitumika kuwachekesha watu kwa sura ya kabila la wengine, ukubwa wake wazidisha jeraha.

Sasa nifike kwenye habari ambayo ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu. Mwaka 1954 ilitoka picha iitwayo Father Brown. Padre Brown ni padre mnene, mpole, mwenye mwavuli, anayefumbua siri za wezi na wauaji kwa sababu ameijua mioyo ya wenye dhambi; alibuniwa na mwandishi Chesterton. Guinness wakati huo hakuwa Mkatoliki. Sehemu moja ya picha ilipigwa katika kijiji cha Burgundy, Ufaransa. Jioni moja, kazi ikiwa imesimama, alikuwa akirudi nyumba aliyopangiwa, bado amevaa kanzu ya padre. Mtoto mwanamume akamkimbilia, akamwita "baba" kama wanavyowaita mapadre huko, akamshika mkono, akawa anatembea naye akiruka-ruka na kuongea bila kukoma. Guinness hakuthubutu kujibu, maana Kifaransa chake kingemwogopesha mtoto. Walipofika mahali fulani mtoto akamwaga vizuri, akapenya kwenye ua wa miti, akatoweka.

Guinness mwenyewe aliandika baadaye, katika kitabu alichotoa mwaka 1985, kwamba aliendelea na safari yake akiwa na furaha ya utulivu. Aliwaza juu ya Kanisa liwezalo kumfanya mtoto amwamini hivyo padre asiyemjua. Ninyi mnaosoma leo mnajua kwamba imani hiyo ya watoto imevunjwa mahali pengi na watu waliovaa kanzu ya kweli. Kwa hiyo kisa hiki siwezi kukisoma kwa wepesi. Mtoto yule aliushika mkono wa mchezaji, na mkono ule haukumdhuru.

Kabla ya hapo lilikuwa limempata jambo jingine zito. Mwanawe wa pekee, Matthew, aliyezaliwa mwaka 1940, alipokuwa na miaka 11 alishikwa na polio, ule ugonjwa wa kupooza. Chanjo ilikuwa haijapatikana. Ile ya kwanza ilitangazwa Marekani mwaka 1955. Baba wa siku zile hakuwa na matone ya kliniki ya kumkimbilia. Mtoto alipooza kuanzia kiunoni kwenda chini. Jioni, akitoka kazini, Guinness alikuwa akiingia katika kanisa dogo la Kikatoliki lililokuwa njiani, akakaa. Hapo alifanya mapatano na Mungu, kama watu wenye shida wafanyavyo: mtoto akipona, na siku moja akitaka kuwa Mkatoliki, baba hatamzuia.

Mtoto akapata nafuu. Kwanza alisogea kwa shida, miguu ikimkataa, kisha akatembea vizuri. Guinness na mkewe, Merula, wakampeleka katika shule ya Wajesuiti, naye alipofika miaka 15 akaomba kuingia Kanisa Katoliki. Baba akatimiza neno lake. Kisha yeye mwenyewe akafuata, akapokelewa tarehe 24 Machi 1956 katika mji wa Petersfield; na Merula akapokelewa mwaka 1957, mumewe akiwa mbali, Ceylon, nchi iitwayo leo Sri Lanka.

Huko Ceylon alikuwa akifanya nini? Alikuwa akicheza picha iliyompa sifa kuliko zote, The Bridge on the River Kwai. Ilitoka mwaka 1957, akapata kwayo tuzo ya Oscar ya mchezaji bora mwanamume. Kisa chake ni cha wafungwa wa vita Waingereza waliotekwa na Wajapani na kutumikishwa katika kujenga reli ya kutoka Siam, yaani Thailand ya leo, kwenda Burma. Kisa chenyewe ni cha kubuniwa, lakini reli ilikuwa ya kweli. Wafungwa zaidi ya 12,000 walikufa kwa kuijenga, na vibarua wa Asia waliokufa ni wengi zaidi ya hao, ingawa picha yenyewe hao haiwataji vya kutosha. Jamaa zenu wa Keya waliopelekwa Burma mwaka 1944, katika bonde la Kabaw, walipigana na jeshi hilo hilo la Kijapani. Kwa hiyo vita hivyo si hadithi ya watu wa mbali tu.

Guinness ni Kanali Nicholson. Mkuu wa kambi, Kanali Saito, anaamuru hata maofisa wafanye kazi za mikono. Nicholson anakataa, kwa kuwa sheria ya vita inakataza. Anapigwa usoni mbele ya askari wake. Halafu anafungiwa peke yake katika kibanda kidogo cha mabati, juani, chini kiasi kwamba mtu hawezi kusimama. Siku zinapita. Mwishowe wanamfungulia ili apelekwe mbele ya Saito.

Hapa, msomaji, tulia utazame. Hakuna muziki mkubwa, hakuna hotuba. Kuna mtu mmoja tu anayevuka kiwanja. Miguu imekufa ganzi. Goti moja linaelekea huku, jingine kule. Mwili wataka kuanguka, lakini mabega yanakataa. Anajua askari wake wanamtazama, basi anajilazimisha kutembea kama kanali, na mwili haumtii. Aibu, kiburi, njaa, ushujaa, vyote vimo katika hatua zile chache, na uso haujasema kitu bado. Guinness mwenyewe alisema kwamba hiyo pengine ndiyo kazi bora aliyopata kuifanya. Na alieleza alikoutoa mwendo ule: ni mwendo wa mwanawe Matthew, siku zile alipokuwa akijaribu kutembea tena baada ya polio.

Niliposoma habari hiyo niliweka kitabu chini. Fikiri baba amesimama mlangoni, anamtazama mtoto akivuka chumba. Hatamsaidia, maana mtoto hataki kusaidiwa; hataondoa macho, maana aweza kuanguka. Mzazi aliyewahi kuuguza mtoto anajua jinsi mtu anavyotazama wakati huo. Kila kidole cha mguu unakiona. Guinness alikiona, akakihifadhi miaka kadhaa, kisha akampa mtu mwingine kabisa, ofisa mgumu wa jeshi katika nchi ya joto.

Pengine utaniuliza: je, si ubaya kuuza uchungu wa mtoto wako katika sinema? Nimelifikiri. Naona angeuuza kama angetueleza tulie. Yeye hakueleza, alitembea tu, na watu wakaona jambo la kweli bila kujua ni la nani. Chuoni kwetu, tuliposomea ualimu, tuliambiwa mtoto hujifunza kwa kumwiga baba. Huyu ni baba aliyejifunza kwa kumwiga mtoto.

Na Nicholson huyo si mtakatifu. Baada ya kushinda ubishi wake analijenga daraja la adui kwa bidii kuliko adui mwenyewe, apate kuonyesha ubora wa askari wake, mpaka anasahau vita ni vya nani. Mwishoni anatambua. Tazama macho yake hapo: ni kama mtu aliyeamshwa usingizini na kukuta nyumba inawaka.

Miaka miwili kabla, katika The Prisoner ya mwaka 1955, alikuwa amecheza Kardinali aliyefungwa na serikali inayopiga vita dini. Watu wengi walimwona ndani yake Kardinali Mindszenty wa Hungaria, aliyehukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1949. Hapigwi, anaulizwa maswali tu, mchana na usiku, mpaka mwuliza maswali anagundua mahali panapouma, nayo ni aibu yake juu ya mama yake mzazi. Karibu picha nzima ni watu wawili chumbani. Ni picha ya huzuni, nami naipenda kuliko nyingine nyingi.

Baadaye alicheza watu wa kila namna. Alikuwa Amiri Faisal katika Lawrence of Arabia ya mwaka 1962, akimfanana Faisal wa kweli sana. Ila leo watu wangetaka, kwa haki, Mwarabu achezwe na Mwarabu. Mwaka 1972 alikuwa Papa Innocent wa Tatu katika picha ya Mtakatifu Fransisko, anayepiga magoti na kuibusu miguu ya yule maskini. Mwaka uliofuata akawa Hitler. Mwaka 1979, katika televisheni, alikuwa Smiley, mzee wa upelelezi anayesikiliza tu na kufuta miwani yake kwa tai. Kabla ya hapo alikula chakula pamoja na Sir Maurice Oldfield, aliyewahi kuwa mkuu wa wapelelezi wa Uingereza, apate kuona mtu wa kazi hiyo hukaa vipi mezani.

Vijana watamjua zaidi kwa Star Wars ya mwaka 1977, ambamo ni mzee mwenye hekima na upanga wa mwanga. Ilimpatia fedha nyingi mno, kwa kuwa alipewa sehemu ya faida, lakini ilimchosha. Mtoto mmoja wa Marekani alimwambia ameitazama zaidi ya mara 100. Guinness akamwomba ahadi asiitazame tena kamwe, na mtoto akalia, na mama yake akakasirika. Mimi hapo namwonea huruma mtoto!

Ukitaka kuanza, anza na Father Brown, maana hiyo jamaa wote waweza kuitazama pamoja. The Prisoner ni ya watu wazima. Na The Bridge on the River Kwai ina urefu wa saa 2 na zaidi ya dakika 40. Basi mpate chakula cha jioni mapema, watoto wadogo walazwe, na simu ijazwe moto kabla ya kuanza, isije ikazimika Kanali akiwa katikati ya kiwanja.